Linki 5,000 kwa laki moja na nusu: unauziwa nini hasa?

Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara huku Kusini. Linasema: "Tovuti yako haionekani Google? Tunakuwekea linki 5,000 ndani ya siku saba. Ukurasa wa kwanza uhakika. Sh 150,000 tu." Limepita kwenye kundi la wenye nyumba za wageni, likapita kwenye la wabanguaji wa korosho, na ndani ya wiki mbili nimeulizwa habari zake na watu wanne: wawili wa Mtwara mjini, mmoja Lindi, mmoja Kilwa Masoko. Swali lao ni moja. Hawa ni wa kweli au matapeli?

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo, kwa hiyo najibu kama mtu wa kazi hiyo. Linki wanaweka. Ukilipa leo, baada ya wiki utaletewa orodha ndefu, na ukizifungua moja moja utakuta tovuti yako imetajwa kweli. Hawali hela wakazima simu. Shida iko kwenye hicho walichokuletea, na huwezi kuiona shida hiyo kabla hatujaelewana linki ni nini na Google ina haja gani nayo.

Huku kwetu ukisema "linki" mtu anafikiria ile ya kutumiwa kwenye simu: bonyeza hapa upate bando la bure. Hiyo iweke pembeni. Linki ninayoizungumzia ni maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa tovuti ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kiswahili cha vitabuni ni kiungo, lakini nikiandika viungo kuna atakayefikiria iliki na mdalasini, basi nitabaki na linki. Tovuti yako ina linki za aina mbili: zinazotoka, yaani unazoweka wewe kuelekea kwa wengine, na zinazoingia, yaani wanazoweka wengine kuja kwako. Zinazouzwa kwenye tangazo ni hizi zinazoingia. Kuzitafuta, kwa njia safi au chafu, ndiko kunakoitwa ujenzi wa linki.

Sasa tuseme wewe ni mgeni Mikindani, mashua yako inavuja na unatafuta fundi. Unashuka ufukweni unauliza. Wa kwanza anakwambia fundi ni yeye mwenyewe, hakuna kama yeye pwani yote hii. Unamsikiliza, unaendelea kuuliza. Unakutana na nahodha mmoja, baadaye mwingine, kisha mvuvi aliyetoka baharini asubuhi. Watatu hawa hawajakaa pamoja kupanga maneno, na wote wanakutajia mzee yule yule wa kule nyuma ya msikiti. Hapo unakwenda kwa mzee bila kuuliza tena.

Katika kuuliza kwako umefanya mambo matatu bila kujua. Umelipatia neno la mtu kuhusu mwenzake uzito kuliko neno lake kuhusu nafsi yake. Umempa nahodha uzito kuliko kijana wa stendi ambaye hajawahi kupanda chombo. Na kama angetokea mtu wa kukutajia mafundi arobaini kwa mpigo, wote anawasifu sawasawa, ungemshukuru ukapita, maana anayemsifu kila mtu hajakusaidia kuchagua.

Google ilianzia hapo hapo. Injini za utafutaji za miaka ya tisini zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe, kwa maana nyingine zilimsikiliza yule fundi wa kwanza. Ukitaka kuonekana kwa neno "korosho" uliliandika mara mia mbili, mengine kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe ili msomaji asiyaone na mashine iyaone. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, walichapisha andiko lililoeleza njia nyingine. Walitazama jinsi wanazuoni wanavyopima kazi zao: andiko linalotajwa na maandiko mengi mazito huhesabiwa kuwa zito. Wakasema linki nayo ichukuliwe hivyo, kama kutajwa. Hesabu yao wakaiita PageRank, kwa jina la Page.

Kwa hesabu ya kitoto iko hivi. Ukurasa wenye uzito wa kumi ukiweka linki mbili, kila linki inabeba kama tano. Ukurasa huo huo ukiweka linki elfu moja, kila moja inabeba chembe. Halafu uzito wa ukurasa wenyewe umetoka kwa wale walioutaja, na wa hao umetoka kwa waliowataja wao, mpaka mtandao mzima unapimana. Ukilielewa hili peke yake umeshajua kwa nini orodha ya linki 5,000 inaweza kuwa nyepesi kuliko linki moja.

Mtu wa Kusini hahitaji kufundishwa kilichofuata. Korosho ilipopimwa kwa kilo, kokoto nazo zikapata bei. Sote tunakumbuka fedheha ya kokoto na mchanga ndani ya magunia, na tunajua kwa nini leo mzigo haupokelewi kwa kuangalia mizani tu: unachukuliwa sampuli, korosho zinakatwa kati kwa kati, punje inatazamwa kama imejaa au imeoza, na unyevu unapimwa. Kilo ni zile zile, ila sasa gunia linaulizwa lina nini ndani. Google ilipita njia hiyo. Mara ilipojulikana kwamba linki zinapandisha tovuti, watu wakaanza kujaza gunia.

Walilijaza kwa namna nyingi, na nitataja zile ninazozikuta mara kwa mara. Kuna programu zinazozunguka kwenye tovuti za watu na kuacha maoni yenye linki usiku kucha. Kuna mtu mmoja anayefungua tovuti mia moja zisizo na msomaji, kila moja na rangi yake, zote zikisifu wateja wake. Hii ni sawa na mtu mmoja kubadilisha kanzu na kofia akaja kukutolea ushahidi mara mia. Kuna wanaonunua majina ya tovuti yaliyokwisha muda, kwa mfano la shirika la afya lililofungwa, wakalijaza matangazo ya kamari kwa sababu jina hilo bado lina heshima iliyobaki. Ni kama kuchukua kibao cha fundi marehemu ukakitundika kwenye kibanda chako. Na kuna wanaovunja tovuti za wengine na kuficha linki humo. Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu linatugusa hata sisi ambao hatujawahi kununua chochote.

Mwaka jana mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani aliniita nimtazamie tovuti yake. Alikuwa ameshanunua huduma ya namna hii kwa mtu wa mbali, bei haikupishana sana na ya tangazo la sasa. Tulikaa barazani kwake, kompyuta juu ya meza ya plastiki, intaneti tunaichukua kwenye simu yake. Nikafungua Google Search Console, chombo cha bure ambacho Google inampa kila mwenye tovuti, na mle ndani kuna orodha ya wanaokuwekea linki. Nikamwambia, mama, tuzifungue hizi moja moja.

Ya kwanza ilikuwa na maandishi ya Kirusi na picha za karata. Ya pili ilikuwa makala ya ukarabati wa mapaa katika mji fulani wa Marekani. Tukashuka hadi chini kabisa, kwenye maoni ya wasomaji. Palikuwa na maoni mamia, na moja lilisema kwa Kiingereza cha kuunga-unga, "Makala nzuri sana, imenisaidia." Jina la aliyeandika lilikuwa "Nyumba Ya Wageni Nafuu Mtwara". Ya tatu ilikuwa ukurasa usio na sentensi hata moja, safu za linki tupu: viatu, dawa za nguvu, mikopo ya haraka, na yeye katikati.

Mama akasogeza miwani. "Mwanangu, hawa wote wamewahi kulala hapa kwangu?"

"Hapana mama. Hapa hakuna mtu. Kurasa hizi hazisomwi na binadamu."

"Sasa zinasomwa na nani?"

"Na mashine ya Google peke yake. Nayo ilishazizoea, inazipita."

Akanyamaza kidogo, akafunga daftari lake la wageni. "Ile hela," akasema, "ningebadilisha vyandarua vya vyumba vyote."

Naandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo. Laki na nusu kwa kampuni kubwa si kitu. Kwa nyumba ya vyumba sita Mikindani ni vyandarua, au ni mwezi wa mtu anayefua mashuka.

Google inafanya nini na linki chafu

Wengi wanaamini ukishika linki mbaya tu, Google inakufungia. Wengine wanaamini Google haiwezi kujua. Ukweli uko kati ya hapo, na umebadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Januari 2005 Google, pamoja na Yahoo na MSN, walikubaliana kuhusu alama ndogo iitwayo nofollow, maana yake "usifuate". Msomaji haioni, inakaa ndani ya msimbo wa ukurasa na kuiambia mashine kwamba linki hii mwenye tovuti haidhamini. Tovuti nyingi ziliiweka kwenye sehemu ya maoni, na tangu hapo biashara ya kumwaga maoni ilipoteza sehemu kubwa ya faida yake. Yaani alichouziwa mama yule, kwa kiasi kikubwa, kilishazibwa karibu miaka ishirini kabla hajauziwa.

Kishindo kikubwa kilikuja tarehe 24 Aprili 2012, Google ilipoachia badiliko lililoitwa Penguin. Hilo lilizishusha tovuti zilizojengwa kwa linki za kughushi, na biashara zilizokuwa zikiishi kwa wateja wa Google ziliamka zikiwa hazionekani. Oktoba mwaka huo Google ikatoa chombo cha kukana linki, mahali pa kusema "hawa siwatambui". Kisha Septemba 2016 Penguin ikaingizwa ndani ya mfumo mkuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na tabia yake ikabadilika: badala ya kuishusha tovuti nzima, mara nyingi inazinyima tu thamani zile linki chafu. Zinahesabiwa sifuri.

Kwa mwenye tovuti ndogo wa Mtwara au Lindi, hiyo sifuri ndiyo itakayomkuta mara nyingi. Hashuki, hapandi. Na hapo ndipo muuzaji anapojificha, maana mteja asipopanda ataambiwa linki 5,000 hazikutosha, anunue 10,000.

Adhabu yenyewe hata hivyo ipo. Wafanyakazi wa Google wanaweza kuitazama tovuti kwa macho yao na kuishusha au kuiondoa kabisa. Ikitokea utaarifiwa ndani ya Search Console, utatakiwa kuondoa uchafu, kisha uombe ukaguliwe upya. Wakubwa nao hawakupona. Februari 2011 gazeti la The New York Times liliandika kuhusu J.C. Penney, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani iliyokuwa juu Google kwa maneno mengi ya bidhaa za nyumbani na nguo. Ikagundulika kulikuwa na linki zake kwenye kurasa nyingi zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Kampuni ilisema haikuhusika, ikaachana na waliokuwa wakiifanyia kazi hiyo, na Google ikaishusha. Mwaka uliofuata, Januari 2012, Google iliushusha ukurasa wa kivinjari chake yenyewe, Chrome, kwa siku zisizopungua 60, baada ya kuonekana makala za kulipiwa zilizokuwa na linki kuelekea huko. Nawatajia wateja wangu kisa hiki kuliko vyote, kwa sababu kinaondoa ule wasiwasi kwamba sheria ni ya wanyonge.

Kulipa si dhambi, kuficha ndiko

Hapa ndipo watu wengi wananikatiza: ina maana kulipia tangazo kwenye tovuti ya redio ni kosa? Hapana. Na tofauti yake tunaijua vizuri kwenye posa.

Mshenga anatumwa na upande wa muoaji. Anakuja amevaa vizuri, anamsifu kijana, na mzee wa binti anajua fika huyu ametumwa na nani. Hakuna aliyedanganywa. Lakini tuseme kijana huyo huyo anapita usiku kwa majirani akiwapa chochote, ili baba wa binti atakapokuja kuulizia kimya kimya wajibu kwamba hawajapata kuona kijana mstaarabu kama yule. Maneno yanaweza kufanana na ya mshenga, ila sasa yamevikwa nguo ya ushahidi huru.

Tangazo la kulipia ni mshenga. Unaruhusiwa kununua nafasi kwenye tovuti yoyote, kudhamini ligi ya mtaani ikaweka nembo yako, kumlipa mwandishi akuandike. Google inachotaka ni linki hiyo ibebe alama: ile ya nofollow, au nyingine iliyoongezwa mwaka 2019 iitwayo sponsored, inayosema wazi kwamba pesa imepita hapa. Wasomaji watakuona, watabonyeza, watakuja. Kitakachozuiwa ni pesa hiyo kuhesabiwa kama ushahidi.

Kati ya nyeupe na nyeusi kuna eneo pana, na ndilo linalowasumbua watu waaminifu. Nyumba ya wageni ya Lindi na muongoza watalii wa Kilwa wakiwekeana linki kwa sababu wageni wao ni wale wale, hakuna ubaya, wageni wanafaidika. Kundi la WhatsApp la tovuti sitini linalopanga zamu za nani amuwekee nani, duka la vipuri Masasi likiisifu saluni ya Tanga, hilo ni gunia la kokoto. Kuandika makala kwenye tovuti ya mwingine ni jambo zuri kama una cha kuwaeleza wasomaji wake. Kusambaza makala moja iliyobadilishwa maneno kwenye tovuti hamsini ni uchafu. Nikikwama ninatumia swali lililokuwemo kwenye miongozo ya Google kwa miaka mingi: kama injini za utafutaji zisingekuwepo, ningefanya hivi? Linki ya muongoza watalii wa Kilwa ingekuwepo. Ya duka la vipuri na saluni isingekuwepo.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

"DA yako iko chini, Google haikupendi." Nimeyasikia haya kwa kila muuzaji. Alama hiyo ya moja hadi mia inaitwa Domain Authority na imetungwa na kampuni binafsi iitwayo Moz kwa makadirio yake yenyewe. Google haiitumii. Ina faida yake katika kulinganisha, lakini anayekuuzia "DA 50" anakuuzia namba ya mtu mwingine.

"Mshindani wangu atanirushia linki chafu nianguke." Fitina zipo kila soko, naelewa hofu hii. Lakini Google inajua kwamba huwezi kumzuia mtu akutaje, ndiyo maana linki za namna hiyo kwa kawaida inazipuuza tu. Chombo cha kukana linki usikiguse kila unapoona jina la ajabu kwenye orodha. Kinakuhusu ukiwa umeadhibiwa, au kama wewe mwenyewe ndiye uliyenunua na unajua una deni. Nimeona mtu akikana orodha nzima, ikiwemo linki ya chuo alichosoma, iliyokuwa bora kuliko zote alizokuwa nazo.

"Ukiweka linki ya kutoka unajipunguzia nguvu." Kwa sababu ya imani hii kuna tovuti za watalii huku hazithubutu hata kumuelekeza mgeni kwenye ukurasa wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi. Mgeni anakwama, anaondoka. Muelekeze.

Na hii ahadi ya ukurasa wa kwanza ndani ya wiki. Hakuna aliye nje ya Google anayeweza kuahidi nafasi. Anayeweza kukuahidi ukurasa wa kwanza bila wasiwasi ni yule anayekuchagulia maneno ambayo hakuna mtu anayeyatafuta.

Nilisema nitarudi kwenye kuvunjiwa. Fungua Google, andika site, weka nukta mbili, kisha bila kuacha nafasi anwani ya tovuti yako. Zitatokea kurasa zako ambazo Google inazijua. Ukiona kurasa za kamari au dawa ambazo hujaandika, umeshaingiliwa, na sasa wewe ndiye unayetumiwa kutoa ushahidi wa uongo kwa niaba ya watu usiowajua. Mara nyingi chanzo ni programu ya tovuti ambayo haijasasishwa kwa miaka, au nywila aliyobaki nayo fundi aliyeondoka. Fanya jaribio hili leo, halichukui dakika mbili.

Sasa mtu wa Kusini afanye nini

Kwa nyumba ya wageni, mgahawa au gereji, nitasema jambo ambalo wauza linki hawatalisema: anza na ramani. Sajili biashara yako kwenye Google kama biashara ya mahali, weka simu inayopokelewa, saa za kufungua, picha za kweli. Kwenye matokeo ya eneo Google inatazama jinsi unavyoendana na kilichotafutwa, umbali wako na mtafutaji, na jinsi unavyojulikana. Mgeni aliyesimama uwanja wa ndege wa Mtwara akitafuta pa kulala ataona ramani kabla ya kitu kingine.

Baada ya hapo, linki. Na hapa nina imani kubwa na mikoa hii miwili, kwa sababu tuna mambo mazito yasiyoelezwa vya kutosha na watu wa hapa hapa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mnyama mmoja mkubwa kutoka huko amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho Berlin. Wako walimu, wanafunzi na waandishi wa safari wanaohitaji kujua gari gani inafika karibu na Tendaguru, barabara inakuwaje wakati wa masika, unamuona nani kijijini kabla ya kuingia. Mwenye hoteli Lindi akilieleza hilo vizuri, kwa picha alizopiga mwenyewe, watu watamtaja bila kuombwa, kwa kuwa hawana pengine pa kuwaelekeza wasomaji wao.

Mbanguaji wa korosho naye. Wanunuzi na wanafunzi wengi wanakutana na herufi W180, W240, W320 bila kujua ni nini. Eleza kwamba W ni punje nzima nyeupe, na namba inaonyesha ni punje ngapi katika ratili moja. W320 ni kama 300 hadi 320, kwa hiyo namba ikipanda punje ni ndogo. Onyesha kwa picha korosho ikipita kwenye mvuke, ikipasuliwa, ikikaushwa, ikimenywa ganda laini, mpaka meza ya akina mama wanaopanga madaraja. Wewe jambo hili unalifanya kila siku na unaliona la kawaida. Kwa mtu wa mbali ni elimu, na ataiwekea linki.

Ziko pia linki ambazo tayari ni haki yako. Chama ulichojiunga, msambazaji anayeorodhesha mawakala wake, shule uliyoifadhili, mwandishi aliyewahi kukutaja bila kuweka anwani. Mwandikie kwa adabu, mweleze wewe ni nani, muombe. Sijawahi kuona ubaya wa kuomba kutajwa na mtu anayekujua kweli.

Mama wa Mikindani tulifanya naye jambo moja tu. Vijana wake wawili walikaa siku mbili wakiandika jinsi ya kutoka Mtwara mjini kufika Mikindani na Msimbati: gari zinapoegeshwa, nauli, saa ya mwisho ya kurudi, maji yanapokupwa mtu aogelee wapi. Wakaongeza kidogo habari za Mikindani yenyewe, bandari ambayo David Livingstone alianzia safari yake ya kwenda bara mwaka 1866. Hakuna kilichotokea kwa miezi mitatu, na nilimuonya mapema kuwa itakuwa hivyo. Kisha akapata linki kutoka kwa mtu aliyekuwa akiendesha baiskeli pwani nzima akiandika safari yake. Baadaye moja kutoka kwa mwalimu wa jiografia, na nyingine kwenye ukurasa wa wapiga mbizi. Tatu kwa mwaka mzima. Ya muendesha baiskeli peke yake imemletea wageni ambao majina yao yamo kwenye daftari lake, na amenionyesha kwa kidole.

Wiki iliyopita alinipigia jioni, nyuma yake nasikia sahani zinaoshwa. Nilipoamkia hakuongea mengi. "Mwanangu, nauli ya Msimbati imepanda tangu juzi. Ule ukurasa wetu uko nyuma. Nibadilishie kabla watu hawajalala."